Clair Patterson: Mkemia Aliyepima Umri wa Dunia na Kuifichua Sumu ya Petroli

Clair Cameron Patterson alikuwa mkemia mchanganuzi wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1922 na kufariki mwaka 1995. Kazi mbili zimelihifadhi jina lake katika historia ya sayansi. Ya kwanza ni kukokotoa umri wa Dunia, miaka bilioni 4.55, hesabu ambayo wataalamu waliomfuata wameirekebisha kidogo tu. Ya pili ni kuthibitisha kwamba risasi iliyokuwa ikichanganywa na petroli ilikuwa imeenea hewani, baharini, kwenye theluji ya ncha za Dunia na katika miili ya watu. Kazi hizo zinaonekana kuwa mbali mbali, lakini zilitoka katika maabara moja na zilijengwa juu ya kanuni moja: kipimo hakiaminiki mpaka mpimaji ajue ni kiasi gani cha kitu anachokitafuta amekiingiza yeye mwenyewe.

Kazi ya mkemia mchanganuzi

Mkemia mchanganuzi hujibu maswali mawili: ndani ya kitu hiki mna nini, na ni kiasi gani? Nchini Tanzania umma huisikia kazi hiyo kupitia ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambako hupelekwa sampuli za vyakula, dawa, kemikali, damu na vitu vinavyoshukiwa kuwa sumu. Jibu la mkemia huweza kumfunga mtu au kumwachia huru, kufungia bidhaa au kuiruhusu iingie sokoni.

Ugumu wa kazi huongezeka kadiri kitu kinachotafutwa kinavyopungua. Kupima chumvi katika maji ya bahari ni jambo jepesi, kwa kuwa chumvi ni nyingi na punje moja iliyodondoka kwa bahati mbaya haibadilishi jibu. Kupima kitu ambacho ni sehemu moja tu kati ya bilioni ni jambo jingine kabisa. Hapo vumbi la chumbani, maji ya kuoshea chupa au unywele mmoja wa mpimaji vinaweza kuleta kiasi kikubwa kuliko kilichomo katika sampuli yenyewe. Mashine itasoma namba bila hitilafu yoyote, lakini namba hiyo itakuwa inaeleza habari za maabara badala ya habari za sampuli.

Kinga ya wakemia dhidi ya kosa hilo ni kipimo tupu. Mkemia huchukua chombo kisicho na sampuli, hukitilia asidi ileile na maji yaleyale, hukipasha moto kwa muda uleule, kisha hukipima kama vile sampuli imo. Chochote kitakachoonekana kimetoka nje, na ni lazima kitolewe katika hesabu. Kipimo tupu kikikaribia kipimo cha sampuli, kazi yote haina thamani. Patterson alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukishusha kipimo hicho tupu hadi kikaribie sifuri.

Kutoka Iowa hadi Chicago

Patterson alizaliwa tarehe 2 Juni 1922 katika mji mdogo wa Mitchellville, jimbo la Iowa. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa posta. Mama yake alimpa seti ya vifaa vya kemia, na mapenzi ya kijana huyo kwa somo hilo hayakupungua tena. Alihitimu shahada ya kemia katika Chuo cha Grinnell mwaka 1943, na mwaka uliofuata akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Iowa. Akiwa Grinnell alikutana na Lorna McCleary, aliyesomea kemia pia, ambaye baadaye alikuwa mkewe.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wote wawili waliingia katika mradi wa siri wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki, wakafanya kazi Oak Ridge katika jimbo la Tennessee. Huko Patterson alijifunza kutumia spektromita ya masi, mashine inayotenganisha atomi za elementi moja kwa kufuata uzito wake. Atomi hizo zinazofanana kikemia lakini zenye uzito tofauti huitwa isotopu. Baada ya vita alikwenda Chuo Kikuu cha Chicago kusomea udaktari wa falsafa, chini ya mkemia Harrison Brown.

Saa iliyomo ndani ya jiwe

Brown alikuwa na wazo. Urani iliyomo katika miamba huoza polepole na kugeuka risasi, yale madini laini na mazito yanayotumika katika betri za magari na katika vyubwi vya wavuvi. Urani-238 hugeuka kuwa risasi-206, na nusu ya atomi zake huchukua takribani miaka bilioni 4.47 kuoza. Urani-235 hugeuka kuwa risasi-207 kwa kasi zaidi: nusu yake huisha katika miaka milioni 704 hivi. Isotopu ya tatu, risasi-204, haitokani na uozo wowote, na kwa hiyo hutumika kama kipimo cha kulinganishia. Mwenye kujua urani iliyobaki na risasi iliyozalishwa anaweza kusoma umri wa jiwe kama mtu anavyosoma saa.

Kwa Dunia nzima palikuwa na kikwazo. Ilihitajika kujulikana risasi ilikuwa ya namna gani Dunia ilipoanza, kabla urani haijaongeza yake. Miamba ya mwanzo kabisa haipatikani tena, kwa kuwa ukoko wa Dunia huyeyuka na kusukwa upya. Jibu lilitafutwa angani. Vimondo vya chuma, kama kile Kimondo cha Mbozi kilichoko mkoani Songwe, ni mabaki ya nyakati ambapo sayari zilikuwa zikiumbika. Ndani ya baadhi yake mna vipande vya mchanganyiko wa chuma na salfa ambamo urani karibu haimo kabisa. Risasi iliyofungiwa humo haijaongezeka tangu mwanzo, na ndiyo risasi ya asili iliyokuwa ikitafutwa.

Kazi iligawanywa mwaka 1948. Mwanafunzi mwenzake, George Tilton, alipewa kupima urani katika punje za zirkoni, nazo zilikuwa za mwamba ambao umri wake ulikwisha kujulikana. Patterson alipewa risasi. Vipimo vya Tilton vya urani vilikubaliana na matarajio, bali vya Patterson vilizidi mno. Alipochunguza chanzo, aligundua kwamba risasi ilikuwamo katika maji ya bomba, katika asidi za maabara, katika vyombo vya kioo, katika rangi ya ukuta, katika vumbi la hewa na katika nywele na nguo zake. Kiasi alichokitafuta kilikuwa kimezama katika risasi ya chumba alichosimama.

Mtafiti mwingine angeweza kubadili mada. Patterson alianza kusafisha. Alichemsha vyombo ndani ya asidi, akatonesha upya maji na kemikali zake, akapangusa meza na sakafu, akafunika kila kilichofunikika, na baada ya kila hatua akarudia kipimo tupu. Kazi hiyo ilimchukua miaka.

Maabara safi na jibu la miaka bilioni 4.55

Alipata udaktari mwaka 1951, na mwaka 1952 alihamia pamoja na Brown katika Taasisi ya Teknolojia ya California, maarufu kwa jina la Caltech, mjini Pasadena. Hapo alijenga maabara iliyotangulia zote za aina yake kwa usafi wa risasi. Hewa ilichujwa kabla ya kuingia, na msukumo wake chumbani ulizidi wa nje ili vumbi lisipenye. Waliofanya kazi humo walivaa mavazi maalumu, na asidi zilisafishwa palepale. Vyumba safi ambavyo leo ni vya kawaida katika maabara za jiokemia na za mazingira vimefuata mfano huo.

Mwaka 1953 Patterson alikuwa ameitoa risasi safi kutoka katika kimondo cha Canyon Diablo, kilichochimba shimo kubwa la Arizona yapata miaka 50,000 iliyopita. Alisafiri nayo hadi Maabara ya Taifa ya Argonne, karibu na Chicago, kutumia spektromita iliyokuwa na uwezo wa kupima kiasi kidogo namna ile. Hesabu ikatoa miaka inayozidi kidogo bilioni 4.5. Makadirio yaliyokuwapo kabla yake, ya wanasayansi kama Arthur Holmes, yalikaribia bilioni 3 tu na ushei.

Makala yake kamili ilichapishwa mwaka 1956. Alitumia vimondo vitano, vitatu vya mawe na viwili vya chuma, na uwiano wa isotopu zao ulijipanga juu ya mstari mmoja ulionyooka. Mwinamo wa mstari huo ulitoa miaka bilioni 4.55, kukiwa na uwezekano wa kuzidi au kupungua kwa miaka milioni 70. Kisha akachukua risasi ya matope ya sakafu ya bahari, inayowakilisha mchanganyiko wa miamba mingi ya Dunia. Nayo ikaangukia kwenye mstari uleule. Huo ndio ulikuwa ushahidi kwamba Dunia na vimondo ni wa rika moja.

Risasi ya bahari na ya theluji

Baada ya hapo Patterson alikuwa na kitu ambacho karibu hakuna mwingine alikuwa nacho: uwezo wa kupima risasi kidogo sana bila kuichafua. Aliugeuzia uwezo huo baharini. Akiwa na Tsaihwa Chow na wenzake wengine, alilinganisha maji ya juu na maji ya vilindini. Maji ya juu yalikuwa na risasi nyingi zaidi. Kwa kuwa maji ya bahari huchanganyika polepole mno, hali hiyo ilimaanisha kwamba risasi ile imeingia majuzi tu, na haijapata muda wa kushuka chini. Ilitoka hewani, na chanzo kikubwa cha risasi hewani kilikuwa moshi wa magari.

Risasi ilianza kutiwa katika petroli miaka ya 1920. Mwaka 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa General Motors, aligundua kwamba kemikali iitwayo tetraethili ya risasi huzuia injini kugonga, na mwaka 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa Ohio. Hatari yake haikuwa siri. Mwaka 1924 wafanyakazi watano walikufa kwa sumu hiyo katika kiwanda cha Bayway, New Jersey. Uuzaji ulisimamishwa kwa muda, kisha ukarudi, na katika miongo iliyofuata petroli ya risasi ikaenea ulimwengu mzima.

Ili kupata ushahidi usiopingika, Patterson alikwenda kwenye barafu. Theluji inayoanguka maeneo ya ndani ya Greenland na Antaktika karibu haiyeyuki. Hulaliana tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hubeba vumbi la mwaka wake. Yeye na wenzake walikata vipande vya barafu kwa vyombo vilivyooshwa kwa asidi, wakiwa wamevaa mifuko ya plastiki ili jasho na nguo zao zisiguse sampuli. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1969, yalionyesha kwamba risasi katika theluji ya Greenland ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara 200 tangu miaka 800 kabla ya Kristo, na kwamba ongezeko lilipanda kwa kasi kubwa baada ya mwaka 1940. Antaktika, iliyo mbali na nchi zenye viwanda na magari mengi, ilikuwa na risasi kidogo zaidi.

Cha kawaida na cha asili

Mwaka 1965 Patterson alichapisha makala ndefu kuhusu risasi na afya ya watu. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba madaktari wamechanganya mambo mawili: kiwango cha kawaida na kiwango cha asili. Risasi iliyokutwa katika damu ya kila Mmarekani ilionekana kuwa ya kawaida kwa sababu kila mtu alikuwa nayo. Kwa makadirio yake, kiasi hicho kilikuwa karibu mara 100 ya kile ambacho mwili wa binadamu ungekuwa nacho bila viwanda. Watu wote waliotumika kama mfano wa afya njema walikuwa wamekwisha kuchafuliwa.

Hoja hiyo iligongana na msimamo wa Robert Kehoe, daktari wa kampuni ya Ethyl iliyotengeneza kemikali ile ya risasi. Kwa miaka 40 Kehoe alikuwa sauti yenye uzito kuliko zote katika suala hilo. Alishikilia kwamba mwili umezoea risasi tangu asili, na kwamba pasipo kufikia mikrogramu 80 katika desilita moja ya damu hakuna madhara. Vipimo vyake vya watu wasioishi karibu na viwanda vilimpa risasi nyingi vilevile, naye akaichukulia kuwa ya asili.

Patterson alilipa gharama ya msimamo wake. Taasisi ya Petroli ya Marekani, iliyokuwa imefadhili utafiti wake wa bahari, haikuendelea naye, na idara ya afya ya umma ya serikali nayo haikuurudisha mkataba wake. Mwaka 1966 alitoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Seneti iliyoongozwa na Edmund Muskie, ambako Kehoe pia alisikilizwa. Baraza la Taifa la Utafiti lilipounda jopo la risasi ya hewani mwaka 1971, mtu aliyeijua risasi ya hewani kuliko karibu wote hakuwekwa humo. Alipowekwa katika jopo jingine mwishoni mwa miaka ya 1970, hakuridhika na lugha ya wenzake, akaandika maoni yake tofauti yenye kurasa 78.

Jodari na mifupa ya kale

Utafiti mmoja wa wakati huo unaonyesha vizuri nguvu ya kipimo kisafi. Mwaka 1980 Patterson na Dorothy Settle walichapisha vipimo vya nyama ya jodari. Maabara rasmi ilikuwa imepata nanogramu 400 za risasi katika kila gramu ya jodari mbichi. Jodari wa kwenye makopo yaliyolehemiwa kwa risasi alikuwa na nanogramu 1,400. Aliyesoma namba hizo alielewa kwamba kopo limeongeza risasi mara tatu na nusu tu, na kwamba samaki mwenyewe huja nayo nyingi kutoka baharini.

Settle na Patterson walipima samaki huyohuyo katika maabara safi. Jodari mbichi alikuwa na nanogramu 0.3 tu. Kwa hiyo kopo halikuongeza risasi mara tatu na nusu, bali zaidi ya mara 4,000, na karibu risasi yote iliyoripotiwa katika samaki mbichi ilikuwa imetoka katika maabara iliyompima. Kwa kupuuza kipimo tupu, maabara ilikuwa imeificha hatari yote ya kopo. Mwaka 1995 Marekani ilipiga marufuku makopo ya vyakula yaliyolehemiwa kwa risasi.

Njia hiyohiyo ilitumika kwenye mifupa. Patterson na wenzake walipima mifupa ya watu wa kale wa Peru, walioishi kabla ya viwanda, wakaonyesha kwamba mifupa ya Wamarekani wa karne ya 20 ilikuwa na risasi mara mamia kadhaa zaidi. Mwaka 1979, daktari Herbert Needleman alichapisha utafiti uliopima risasi katika meno ya maziwa ya watoto wa Massachusetts. Waliokuwa na risasi nyingi walipata alama za chini katika majaribio ya akili na walishindwa zaidi kutulia darasani, ingawa hawakuonekana wagonjwa. Vipimo vya mkemia na vya daktari vikakutana.

Petroli bila risasi

Serikali ya Marekani ilianza kupunguza risasi katika petroli miaka ya 1970. Tangu mwaka 1975 magari mengi mapya yalifungwa vifaa vya kusafisha moshi ambavyo huharibiwa na risasi, na hilo likaharakisha mabadiliko. Mwaka 1996 risasi ilipigwa marufuku kabisa katika petroli ya magari ya barabarani. Matokeo yalionekana katika damu kabla hata ya marufuku hiyo: wastani ulishuka kutoka mikrogramu 12.8 kwa desilita mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 2.8 mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Afrika ilichelewa. Mwaka 2001 wajumbe wa nchi za kusini mwa Sahara walikutana Dakar na kukubaliana kuiondoa petroli ya risasi. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa Mazingira, UNEP, wenye makao makuu Gigiri jijini Nairobi, ulisimamia ushirikiano wa serikali, kampuni za mafuta na mashirika ya kiraia, na kufikia Januari 2006 nchi za kusini mwa Sahara, Kenya na Tanzania zikiwamo, zilikuwa zimeacha kuiuza. Algeria iliacha mwezi Julai 2021, ikiwa ya mwisho duniani. Tarehe 30 Agosti 2021 UNEP ilitangaza kutoka Nairobi kwamba petroli ya risasi kwa magari imekwisha, na kukadiria kwamba hatua hiyo huzuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Risasi yenyewe haijaisha. Imo katika baadhi ya rangi za nyumba, na inamwagika panapoyeyushwa betri kuukuu bila tahadhari. Wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, walipata sumu hiyo kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa kando ya nyumba zao. Vipimo vya damu ndivyo vilivyowapa ushahidi wa kudai haki, na mama aliyeongoza madai hayo, Phyllis Omido, alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Miaka ya mwisho

Patterson alibaki Caltech hadi alipostaafu mwaka 1992. Kwa miaka mingi hakuutaka uprofesa, na aliupokea mwaka 1989 tu. Heshima zilimfikia akiwa amezeeka: Medali ya Goldschmidt mwaka 1980, uanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani mwaka 1987, na Tuzo ya Tyler ya mazingira mwaka 1995. Kilele kimoja cha Antaktika na sayari ndogo namba 2511 vimepewa jina lake. Mwaka 1994 alikuwa bado miongoni mwa waandishi wa makala iliyoonyesha kwamba moshi wa wayeyushaji wa madini wa Ugiriki na Roma ya kale uliacha alama katika barafu ya Greenland. Alifariki kwa pumu tarehe 5 Desemba 1995, nyumbani kwake Sea Ranch, California.

Kwa vijana wanaosomea kemia, maisha yake yana funzo la kazi. Patterson hakuivumbua spektromita, wala wazo la kupima umri kwa risasi halikuwa lake peke yake. Mchango wake ulikuwa kuisafisha njia ya kupimia mpaka ukweli uonekane, na kisha kuusema ukweli huo mbele ya wenye nguvu. Maabara yoyote inayopima dawa za wadudu katika mboga, zebaki katika samaki au risasi katika damu ya mtoto inahitaji sifa hizo mbili kwa pamoja, kwa sababu namba chafu humlinda mchafuzi na kumwacha mgonjwa bila shahidi.